Filimu Iliyolala Katika Kopo la Maziwa

Kibanda cha Liévin Paluku kiko Rwambuzi, kartie ya mji wa Bunia, ukingoni mwa barabara ya vumbi jekundu. Juu ya mlango kumeandikwa STUDIO UKWELI, kwa rangi ya mafuta, kwa mkono wa Paluku mwenyewe, tangu miaka ambayo watu waliazima koti ili kupiga foto. Chini yake, kwa makaa, mke wake Musoki ameongeza: Tunachaji telefone. Ukiwa mbali unasoma ukweli. Ukikaribia unasoma kinacholeta chakula.

Paluku alichukia telefone jinsi wahubiri wengine wanavyochukia pombe: kwa sauti kubwa, na kwa kuishi karibu nayo. Mtu akileta ya kwake kuchaji, hotuba ilitangulia waya.

"Telefone inasahau," alisema, akitafuta kichwa cha waya kinachofaa. "Inaanguka mu maji, foto zote zimekufa. Askari anakukamata ku bariere ya njiani, anafuta na kidole, zimekufa. Sasa filimu, nani anaifuta na kidole? Filimu iko na mufupa."

"Papa Paluku, unachomeka waya kwa tundu ya masikio," mteja alimwambia. "Ya kuchaji iko huku."

Shule ilimshinda mapema, au yeye aliishinda. Inategemea nani anasimulia. Kifaransa alijifunza kwenye magazeti ya kufungia mandazi, na sheria aliitoa katika kitabu cha kanuni kilichopoteza kurasa za mwanzo na za mwisho. Kwa hiyo elimu yake ilikuwa na madoa ya mafuta, na mara nyingine ilikatika katikati ya sentensi. Lakini kwa kukumbuka, hakuna aliyemfikia. Alikumbuka nani alivunja mlango wa depo ya unga, nani alivaa viatu vya nani baada ya mwenyewe kuuawa, na nani aliimba kanisani Jumapili iliyofuata akiwa na viatu hivyo miguuni. Mji huu, tangu bunduki zilipopunguza sauti, umekata shauri kwamba mtu mwenye adabu ni yule aliyesahau. Paluku hakuwa na adabu hiyo. Alipanga maandamano. Alitangaza siku za ville morte, maduka yote yafungwe kwa hasira. Na kila ville morte, kibanda kimoja tu kilikuwa wazi Rwambuzi nzima, nacho ni chake, maana Musoki alisema watu wenye hasira pia betri zao zinaisha.

Hata hivyo nguvu ya Paluku haikutoka kinywani. Ilitoka katika kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani yake mlikuwa na filimu moja, ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa wakati wa vita na ambayo haikuwahi kusafishwa kwa dawa ili picha zitokee.

Hadithi yake kila mtu aliijua. Siku mji ulipobadilisha wenye kuutawala, kundi la wenye silaha lilivua mabati ya shule ya msingi, moja baada ya jingine, na mbele yao alisimama bwana mwenye kofia ya kahawia, akionyesha kwa fimbo wapi pa kuanzia. Paluku alikuwa nyuma ya choo cha shule na aparei yake ya foto. Akapiga foto. Akapiga tena. Kesho yake akashika njia ya Komanda kwa miguu, mpaka Beni kwa ndugu zake, filimu ikiwa ndani ya soksi. Vita vikatulia jinsi moto unavyotulia chini ya majivu. Watu wakarudi. Na yule bwana akarudi, bila kofia, akiwa na tumbo, akajenga baa ndefu karibu na boulevard, na watu wakaanza kumwita Mukubwa.

Kwenye mikutano Paluku hakulitaja jina lake. Alisimama, akavuta suruali juu, akasema: "Niko na filimu." Basi. Ukumbi ulinyamaza, hata wale wa serikali waliokuja kusinzia walifungua jicho moja. Wazungu wa magari meupe nao walikuja, wakaomba kuiona. Akawajibu kwamba ushahidi hauonyeshwi kwa mgeni kabla ya chai. Wakamwalika semina ya kumbukumbu, wakampa kofia na kalamu.

Kila Noeli, Mukubwa alileta mbuzi. Paluku alimla.

"Unakula mbuzi ya mwizi," Musoki alimwambia mara ya kwanza.

"Sikule mbuzi. Nakula ungamo yake. Mutu asiye na woga haletake mbuzi."

"Basi ongeza chumvi ku ungamo, haijaivya vizuri."

Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda, na yangeendelea hivyo, kama ndani ya filimu ile ile, kabla ya mabati, hakungekuwa na Dominique.

Dominique alikuwa mtu wa Mahagi, mfanyabiashara wa samaki wa ziwani, jirani wa ukuta mmoja na Paluku. Pasaka ya mwisho kabla ya moto kufika kwao alikuja Studio Ukweli na shati jeupe, akimbeba binti yake Faida, mtoto ambaye wakati ule hakujua kusimama bila kukimbia. Paluku akawapiga foto, akasema rudini filimu ikiisha. Kabla haijaisha, Dominique aliuawa kwenye njia ya Kasenyi, samaki wake wakabaki wanaliwa na mbwa. Nyumba ikachomwa, na ndani yake foto za harusi, kadi ya uraia, kila kipande kilichokuwa na uso wake. Mke wake, Lucienne, alikimbilia Mahagi na mtoto mmoja na sufuria moja. Alipoweza kurudi, uso wa Dominique ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kopo la maziwa la Paluku.

Kila mwaka Lucienne alipita, kikapu cha samaki kichwani.

"Papa Aimée, ile filimu." Alimwita kwa jina la binti wa kwanza wa Paluku, kama jirani mwenye heshima.

"Mama Faida, dawa ya kusafisha hakuna. Hawa mabepari wa Ulaya wamefunga viwanda ili siye tununue telefone."

"Mwaka jana ulisema ni Wachina."

"Wanashirikiana."

Lucienne alitua kikapu, akachagua samaki mmoja mzuri, akamwachia Musoki, akaenda. Hakuwa mwanamke wa kugombana. Ingekuwa afadhali angegombana. Paluku alijua kujibu kelele, lakini samaki hajibiwi.

Sasa, kuna jambo ambalo Paluku hakumwambia mtu, hata Musoki. Aparei yake ilikuwa na macho mawili. Dogo, la juu, la kuchungulia. Kubwa, la mbele, ndilo linalopiga. Ukichungulia kwa dogo unaona dunia yote, hata kama kubwa limefunikwa. Na katika Bunia, mji ambapo vumbi linaingia hata ndani ya yai, mpiga foto wa kweli anarudisha kifuniko kila baada ya foto. Paluku ndiye aliyewafundisha wengine sheria hiyo, na aliwatukana waliosahau. Basi, alipofika Komanda, akakaa kwenye jiwe, akafungua koti atazame aparei yake, na kifuniko kilikuwa pale, kimekaa vizuri kwenye jicho kubwa, kama sahani juu ya sufuria.

Alijiambia: nilikirudisha baada ya mabati. Bila shaka. Mtu wa sheria kama mimi. Kisha alijiuliza: nyuma ya choo, bunduki zikiwa karibu namna ile, nilikumbuka kweli kukitoa kabla ya kupiga? Swali hilo alilifunga ndani ya kopo pamoja na filimu. Tangu hapo alikuwa mtu wa kwanza Bunia kufurahi kwamba dawa hakuna. Filimu isiyosafishwa ni kama mtoto aliye tumboni: kila mtu anaruhusiwa kusema atakuwa gavana.

Mwaka ambao Faida aliposwa, mambo yakaharibika. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu kama baba yake, walisema waliomjua baba yake. Wakwe wangekuja na mahari Jumapili. Lucienne alipita Jumatatu iliyotangulia, bila kikapu, na hilo lilimtisha Paluku kuliko askari.

"Papa Aimée, siku ile nitaweka kiti ya Dominique mbele ya wakwe. Davy, ndugu yake mudogo, njo yeye atapokea dote. Lakini kiti ya baba inabakia ya baba. Sipende ikae tupu. Faida hajuake uso ya baba yake. Ananiuliza, namwambia alikuwa muzuri. Ananiuliza muzuri namna gani. Na miye, nakuambia kweli, naanza kusahau pua."

"Dawa, Mama Faida."

"Najua," alisema. "Davy ameleta."

Davy alikuwa amesimama nyuma yake, mtu mnene wa kucheka, mwenye kuchukua bidhaa Kampala na kupitia Mahagi. Akatoa ndani ya mfuko chupa mbili zilizozungushiwa gazeti.

"Kaka Paluku, nilitafuta mpaka miguu ikavimba. Nikakuta kijana mumoja kule, ana ndevu na pete ku sikio, anasema filimu imerudi, vijana wa tajiri wanaipenda. Hii ya kufunua picha, hii ya kuikamata isifutike. Akaniongeza na filimu mupya, bure. Anasema anaheshimu wazee wanaoendelea na filimu."

"Wanaipenda sababu gani?" Paluku aliuliza, na moyo wake wa zamani ukaamka, hata katika hatari.

"Anasema ni kwa vile hauoni mara moja. Unangoja."

Musoki, aliyekuwa anafungua waya za telefone nyuma, alisema bila kugeuka: "Kama ni kungoja tu, Rwambuzi tuko mabingwa."

Hakukuwa na mlango wa kutokea. Jumamosi, jua likiwa juu ya vichwa, Paluku alifunga stoo ya nyuma ya kibanda kwa mablanketi, akaziba nyufa kwa matambara, akaingia na kopo lake. Alifikiri angekuwa na Lucienne na Davy tu mlangoni. Lakini Musoki alikuwa amemwambia mteja mmoja, na mteja wa kuchaji telefone ni sawa na redio. Kabla hajamaliza kufunga mlango, nusu ya kartie ilikuwa imejaa uani na viti vyao.

"Leo Mukubwa anatoka uchi," alisikia mzee Vital, jirani wa ng'ambo ya barabara, akisema kwa raha.

"Miaka hii yote ndani ya maziwa," mwingine akajibu. "Atatoka amenenepa."

Ndani, giza lilikuwa zito na lilinuka unga wa mihogo. Paluku alitoa filimu kwa kupapasa. Vidole vyake, ambavyo havikuwahi kujifunza kuandika ujumbe kwenye telefone, vilikumbuka kila kitu: ncha, matundu ya pembeni, namna ya kuizungusha kwenye gurudumu la plastiki bila kuikunja. Hii ndiyo kazi aliyoipenda maishani kuliko kelele zote. Katika giza hakuna wa kumhutubia. Kuna wewe na kitu ambacho kimekwisha kutokea, ambacho unakijua bila kukiona, na kinakungoja kwa uvumilivu usioustahili.

Na katika giza hilo shetani alikuja, hana pembe, ana sauti ya Paluku mwenyewe. Akamwambia: fungua blanketi kidogo tu. Mwanga uingie kama unavyovuta pumzi. Filimu itakuwa nyeusi yote, utatoka na uso wa msiba, utasema miaka imeila. Nani atakupinga? Jumatatu utasimama mkutanoni useme: nilikuwa na filimu. Hata hiyo inanyamazisha watu.

Mkono wake ulifika kwenye blanketi. Haya ni ya kusikitisha kuyasema juu ya mtu aliyetoa hotuba nyingi namna hiyo kuhusu ukweli, akauandika mpaka juu ya mlango, lakini mkono ulifika, ukashika upindo.

Nje, alimsikia Lucienne akimwambia Faida: "Kiti ile ya mbao njo itakuwa yake, hapana ya plastiki. Baba yako alikuwa na mugongo mubaya. Ya plastiki ilimuumiza."

Paluku aliachia blanketi. Alijitukana kwa Kinande, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa cha magazeti, akafunga filimu ndani ya tanki yake nyeusi, akamimina dawa.

Alipotoka, filimu ikining'inia mkononi inadondosha maji, watu walisimama kama kanisani. Alikuwa ameitazama kwa mwanga wa mlango kabla ya kutoka, na alijua mwanzo wake na mwisho wake. Akaenda moja kwa moja kwa Lucienne, akamnyooshea kipande cha mwanzo mbele ya jua.

Lucienne aliangalia kwa muda. Akapindua kichwa.

"Huyu muzungu ni nani?"

"Ni Dominique, Mama Faida."

"Dominique hakukuwa mweupe. Na hii shati iko nyeusi, kama ya padri."

"Ni kinyume. Filimu inaweka giza mahali pa mwanga. Mpaka uchape kwa karatasi njo inageuka."

"Basi chapa."

Paluku alikohoa. Karatasi za kuchapia zilikuwa zimekwisha kuliwa na mende, miaka mingi, na katika miaka ya kusingizia dawa hakuwahi kufika kwenye karatasi. Akafungua mdomo aanze habari za mabepari. Faida akamzuia kwa mkono, kwa upole, kama unavyomzuia mbuzi asiingie jikoni.

"Papa Paluku, shikilia tu. Hapo, mbele ya mwanga. Usitikisike."

Akatoa telefone yake. Akapiga foto ya filimu. Akagusa hapa, akagusa pale, weupe ukawa weusi na weusi ukawa weupe. Na ndani ya kile kioo cha kusahau, mbele ya Paluku aliyeshikilia filimu kama mti wa kuanikia nguo, Dominique akatokea: uso wa ukungu kidogo, miaka imemtia mchanga, shati jeupe, pua yake, na kicheko cha mtu anayejaribu kumshika mtoto anayekimbia. Faida wa foto alikuwa na mguu mmoja nje ya picha.

Lucienne hakulia. Aliweka kidole juu ya kioo, picha ikakimbia, akashtuka, Faida akamrudishia. Kisha akasema taratibu: "Njo hiyo. Njo hiyo pua." Akamvuta binti yake, akamlinganisha, akaangalia tena. Davy alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na haikuwa kicheko safari hii.

Watu walingoja kwa heshima. Lakini heshima ya Rwambuzi ina mwisho wake.

"Na Mukubwa?" mzee Vital aliuliza.

Paluku aliwatazama. Suruali hakuivuta juu. Akanyoosha kipande cha mwisho cha filimu, nafasi baada ya nafasi, zote safi kama maji ya mvua, hakuna mtu, hakuna fimbo, hakuna bati. Alikuwa na hotuba za kila jambo katika nchi hii, na kwa hilo alikuta neno moja tu.

"Kifuniko," alisema.

"Kifuniko nini?"

"Sikukitoa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Musoki. Alianza kwa kujizuia, kitenge mdomoni, kisha akakaa chini kabisa, akacheka mpaka machozi, na uwanja wote ukamfuata.

"Ungamo," alisema kati ya pumzi. "Papa Aimée, na ile ungamo tulikula kila Noeli?"

"Mbuzi?" Vital akasema. "Kwani na nyinyi alikuwa anawaletea? Sisi pia. Anapeleka kwa kila mutu anayepiga kelele ku avenue. Anasema ni ya kura."

Hapo Paluku akakaa, juu ya ndoo, bila kuangalia kama ina maji. Ilikuwa na maji kidogo.

Lucienne alimwendea. Wengine walidhani atamfariji, lakini alikuwa na swali, alilokuwa nalo pengine tangu zamani.

"Papa Aimée, yale mabati. Si iko pale juu ya baa yake? Kwa ndani rangi ya shule bado inaonekana, na namba za darasa. Batu wanakunywa chini yake kila siku. Weye ulikuwa unangoja foto ya nini?"

Kwa haki, swali hilo lilituhusu hata sisi wengine wa Bunia. Tulikuwa tunakunywa pale pale, tunainua chupa, tunainua macho, tunasema: subirini tu, siku Paluku atakaposafisha filimu.

Jumapili wakwe walikuja. Kwenye kiti cha mbao kulikuwa na Dominique, amechapwa mjini kutoka kwenye telefone, ndani ya fremu, mgongo wake umeegemea mto ambao Lucienne aliuweka bila kueleza mtu. Davy alipokea mahari na kila mara aligeukia kiti kwanza, kama anayeomba ruhusa. Telefone zilikuwa juu kama mahindi shambani.

Paluku alikuja na aparei yake na filimu mpya ya Kampala. Alikuwa ameitwa, la sivyo asingethubutu. Asubuhi alikuwa ametoka kwenye baa ya boulevard, ambako kwa mara ya kwanza aliagiza soda, akainua aparei kuelekea yale mabati ya dari, na mtumishi akamwuliza kama anatafuta popo. Sasa alimweka Faida pembeni ya kiti cha baba yake, mama yake upande wa pili, akapiga goti, akachungulia kwa jicho dogo.

"Kifuniko," uwanja mzima ukasema kwa pamoja, wakwe nao, waliokuwa wamehadithiwa kabla hata ya kupewa maji.

Paluku aliinua mkono wa kushoto juu, polepole, watu wote waone. Kifuniko kilikuwa ndani yake. Akapiga.

"Onyesha," mtoto wa upande wa wakwe akadai, akimkimbilia.

"Haionyeshwake. Hii munangoja."

Lucienne, bila kugeuza uso kutoka kwenye pozi lake, akauliza: "Tungoje mpaka wajukuu ya Faida waolewe?"

"Jumanne, Mama Faida," alisema Paluku. "Dawa imebakia."